Ndui Ilinikuta na Kovu la Korosho

Kovu lililo juu ya mkono wangu wa kushoto si la chanjo. Ni la mafuta ya ganda la korosho bichi, na nililitia mwenyewe, chini ya mkorosho wa mtu nisiyemjua, nikiwa na haraka ya kwenda nyumbani kula.

Naanzia hapo kwa sababu nasikia ndui imeonekana tena upande wa Ngorongo, na huenda haya yakamfikia mtu mwenye mgonjwa ndani. Ndui inatoka wapi, sitamwambia, maana sijui. Nimeulizauliza sana tangu nipone. Kila niliyemwuliza alikuwa na jibu, na sijapata majibu mawili yanayofanana. Nitaeleza tu nilivyougua, nani alinilisha, na jinsi nyumba yangu ilivyosalimika wakati mimi mwenye nyumba nilifanya kila upumbavu wa kuiingiza ndui ndani.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipelekwa shule ya serikali huko pwani nikafika madarasa yake ya juu, na wenzangu wakapata kazi za ukarani na ukalimani. Mimi nilirudi bondeni kwetu, kando ya mto. Baba nilimwambia nimerudi kumsaidia shamba. Ukweli ni kwamba wali wa shuleni ulipikwa bila nazi.

Mwaka vita vya maji vilipoanza, akida aliita watu Kibiti wakachanjwe ndui. Maneno yakawa mengi. Waliokwisha kunyunyiziwa maji ya dawa ya vita walisema chanjo ya Mdachi itayavunja nguvu. Wasionyunyiziwa walisema ni hila ya kuwahesabu wanaume. Mimi sikuwa upande wowote, nilikwenda kwa kuwa nimeitwa. Mke wangu, Mwanahawa, alibaki, tumbo lake lilikuwa kubwa na mama yake alimkataza safari. Asubuhi ile aliniambia atapika kambale mkavu kwa nazi.

Kule Kibiti tulipangwa mstari nje ya banda la makuti. Mtu akiingia, tunasikia kimya, kisha mguno, kisha anatoka ameshika mkono kama amebeba yai. Mstari ukasimama. Mchanjaji alikuwa anakula. Nilikaa pale nikamwona, kupitia upenyo wa makuti, anavyomega na kutafuna bila haraka, na kila tonge lake likanikumbusha kambale wangu. Halafu nikaona kile kisu chake kidogo kimelazwa kwenye kitambaa. Sijui ni njaa au ni kisu. Niliondoka nikijiambia nitarudi kesho.

Njiani nikakumbuka kwamba jumbe wetu atakagua mikono. Ndipo nikauona ule mkorosho. Shuleni tulikuwa tukiandika majina yetu mikononi kwa mafuta ya ganda bichi. Yanaunguza ngozi na kuacha alama miaka. Nikapasua korosho, nikapaka mahali panapofaa, nikaenda kula. Siku zilizofuata mkono ulivimba, ukatunga usaha, ukanuka. Jumbe alipoutazama alisema, "Hii imeshika kuliko zote." Na mimi, badala ya kunyamaza, nikawa nawaonyesha majirani waoga, nawaambia, "Tazameni, msomi nimechanjwa na sijafa."

Tatu, binti yetu, alizaliwa wakati wa vuli. Kiangazi kilichofuata kilikuwa cha wakimbizi. Kutoka Umatumbi watu walikuja mbio, maghala yao yamechomwa, wakavushwa kwa mitumbwi pale kivukoni Ndundu wakiwa na mtoto mgongoni na chungu kichwani. Siku moja mtumbwi ukafika na mwanamume amelala ndani, na waliokuwa naye wakashuka upande wa pili wakaondoka bila kugeuka. Uso wake ulikuwa umejaa vipele.

Jumbe akasema asiguswe na mtu yeyote ila aliyewahi kuugua ndui au mwenye alama ya chanjo. Kitongojini kwetu aliyewahi kuugua alikuwa mmoja, Ngalambe, jirani yangu, Mmatumbi aliyehamia kwetu kabla sijazaliwa. Uso wake una mashimo kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Kwa kuwa ni Mmatumbi na mimi Mndengereko, ni mtani wangu, maana yake ana ruhusa ya kunitukana mpaka siku ya kunizika, na siku hiyo hasa. Mwenye alama, aliyejisifu nayo kwa kila mtu, nilikuwa mimi.

"Haya, msomi," Ngalambe akasema. "Shika miguu."

Ningeweza kusema pale pale. Watu walikuwa wamekusanyika wananitazama, na mkono wangu ulikuwa wazi. Nikashika miguu.

Tulimweka mgonjwa kwenye banda la wavuvi kando ya mto, tukawa tunampelekea uji na maji. Ngalambe hakunifundisha mengi. Alisema, "Nguo unayoingia nayo humu haitoki. Ukitoka, oga mtoni, vaa nyingine." Nilitii kuliko alivyotaka, mpaka akaniuliza kama naoga kwa ajili ya harusi. Nyumbani nilihamia barazani, nikadai ndani kuna joto. Tatu sikumshika. Mwanahawa alifikiri nimemchukia mtoto kwa kuwa ni wa kike, na nilimwacha afikiri hivyo. Yule mgeni alikufa. Ngalambe alimzika na kumsomea.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza nilipoamka asubuhi moja na mgongo unauma kama nimebebeshwa boriti za mikoko toka delta nzima. Kichwa kilikuwa kinagonga. Mwanahawa alitokea mlangoni, Tatu mgongoni.

"Baba Tatu, umeamkaje?"

"Usitoke. Baki hapo hapo."

"Ni homa hiyo, mvua ya jana ilikunyeshea. Ngoja nikuchemshie majani."

"Mama Tatu, alama hii si ya chanjo."

Akautazama mkono, akanitazama uso.

"Ni ya nini?"

"Korosho."

Akamvuta mtoto kwa nyuma, akafunga mbeleko upya ijapokuwa haikuwa imelegea.

"Siku ile uliwahi kurudi," akasema. "Nilijiuliza, huyu amekwenda Kibiti kwa mabawa?"

"Nilikuwa na njaa."

"Ukala?"

"Nikala."

"Basi nenda dunguni. Nenda sasa hivi wakati bado una miguu. Na ukirudi hapa kabla hujapona, utanikuta nimeshika mchi."

Wa bondeni wanalijua dungu. Kwa wengine niseme ni kibanda juu ya nguzo ndefu, katikati ya shamba la mpunga, ambako watu wetu huishi wakati wa masika wakifukuza ndege na nguruwe, na mafuriko yakija hupita chini ya sakafu. Tangu zamani mgonjwa wa ndui hupewa dungu la mbali zaidi. Langu nililijenga mwenyewe mwaka uliotangulia, tena nikalijenga vibaya, kwa kuwa sikupenda kulala huko. Paa lilivuja upande wa kichwa. Nilipopanda ngazi nilihisi mto unapanda nyuma yangu, na baada ya siku chache maji yalikuwa yameenea kila upande mpaka kwenye mwinuko wa kijiji. Niliyechukia kutoka nyumbani sasa nilikuwa naiona nyumba yangu kila siku, ndogo kama kiberiti, na siwezi kuifikia.

Homa ilishuka kidogo, nikadhani nimepona, nikaanza kutunga hotuba ya kujidhihaki. Halafu vipele vikatokea. Kwanza kwenye paji la uso, chini ya ngozi, vigumu kama punje za mchele. Nilivibonyeza kwa udadisi. Vikawa kunde, na kila kunde ina kitovu katikati. Jambo lililonishangaza ni kwamba havikupendelea mahali pa laini. Tumboni vilikuwa vichache. Usoni, mikononi na kwenye nyayo ndiko vilikojaa, kwenye ngozi nene ambayo hata mwiba huona taabu kupita. Nikawa navipa makazi. Paji lilikuwa Kibiti, kwa msongamano. Kifua kilikuwa Mtawanya, mashamba mengi na nyumba mojamoja. Kipele kimoja kikubwa kilisimama juu ya pua kama jumbe. Mtu aliye peke yake dunguni lazima apate majirani.

Ngalambe alikuja kila siku na mtumbwi. Alitandika majani ya mgomba yaliyopakwa mafuta ya nazi, kwa kuwa mwili ulikuwa unagandamana na mkeka na kuinuka ilikuwa kama kuchunwa. Majani ya jana aliyachoma kwenye kigae pale pale juu. Mdomo ulikuwa umejaa vidonda, kwa hiyo nilinyweshwa uji mwepesi na madafu kwa kifuu, na kifuu hakikurudi kijijini. Alinifunga mikono kwa vitambaa nisijikune. Hapo utani uliisha kidogo; alinifunga taratibu, na aliposikia naugulia alitazama pembeni.

"Wewe ulifungwa na nani?" nilimwuliza.

"Dada yangu."

"Yuko wapi?"

"Alinifunga mimi, yeye hakuwa amewahi kuugua." Akakaza fundo. "Usiongee, utapasua mdomo."

Kuanzia siku hiyo sikumwuliza tena kwa nini hamruhusu Mwanahawa hata kusogea ukingoni.

Sisi watatu, Ngalambe akipeleka maneno, tulipatana alama. Kila alasiri Mwanahawa alitandaza leso yake nyekundu kwenye ua linalotazama bonde. Leso ikiwepo, Tatu mzima. Macho yangu yalikuwa yamevimba, moja limefunga kabisa, na hofu yangu kubwa ilikuwa kupofuka, lakini kila alasiri nililazimisha lililobaki likafunguka. Doa jekundu. Basi. Nikilala baada ya hapo nililala vizuri.

Vita navyo vilipita karibu. Siku moja kundi la askari lilitokeza ukingoni likitafuta waliojificha madunguni, na nikaona bunduki zikielekezwa kwangu. Ngalambe alikuwa kwenye mtumbwi. Aligeuza tu uso wake wenye mashimo ukawaelekea, kisha akanyoosha kidole juu nilikolala. Waliondoka kwa hatua za watu waliokumbuka shughuli nyingine. Nikajifunza kwamba kipele kina heshima yake serikalini.

Vipele vilikuwa vimeanza kukauka na kuwa magamba wakati ilipofika alasiri ambayo leso haikutandazwa.

Nilijiambia mvua itanyesha, ameianua. Mbingu ilikuwa safi. Nilijiambia amechelewa. Jua likateremka kidogo na ua likabaki ua. Nikaanza kukumbuka kila siku niliyolala barazani. Mlango ulikuwa wazi? Nilipiga chafya? Ile nguo ya kubadili, je, iliwahi kugusa nyingine? Mtu hawezi kujua kiasi cha mambo aliyoyagusa mpaka aanze kuyahesabu kwa hofu.

Nilishuka ngazi. Maji yalinifika kifuani, nayo yalikuwa na viboko, hilo nalijua, lakini sikulifikiria. Nilikuwa nimetembea kati ya mpunga kiasi cha kuchoka vibaya Ngalambe aliponikuta.

"Unakwenda wapi, mtani?"

"Leso haipo."

"Nimeona."

"Mtoto ana nini?"

"Sijui. Leo natoka mtegoni, sijapita kwako."

"Basi nipakie."

Akausogeza mtumbwi nyuma kwa upondo. "Nikupakie na magamba hayo?"

"Nitasimama uwanjani tu. Sitaingia."

"Utasimama uwanjani. Mtoto atalia. Halafu?"

Nilijijua. Mimi ndiye niliyeshindwa kungoja mtu mmoja amalize kula.

"Rudi juu," akasema. "Nitakwenda mimi. Nikirudi nitakwambia nilichokiona, hata kikiwa kibaya."

"Utaniambia kweli?"

"Nimewahi kukwambia neno zuri?"

Nilirudi. Sijui nilipandaje ngazi. Nimekaa mahali pengi nikingoja, lakini kungoja kule kulikuwa na umbo lake; kulikaa karibu nami kama mtu wa pili. Nilitazama magamba yakianguka kwenye jani, nikayakusanya yote pamoja, nikashangaa kwamba kitu chepesi kama ganda la kitunguu ndicho kilichomwangusha yule mgeni wa Ndundu. Nilitaka sana kuelewa.

Ngalambe alirudi jua likiwa limekaribia miti.

"Nyumba imefungwa," akasema kabla hajafika. "Jiko baridi."

"Sema."

"Mama mkwe wako yupo. Anasema wametoka alfajiri, mama na mtoto."

"Wamekwenda wapi?"

"Kibiti."

"Kufanya nini, na vita hivi?"

"Kukaa kwenye mstari."

Niliketi. Leso nyekundu ndiyo aliyombebea mtoto. Baadaye Mwanahawa alinisimulia alivyosikia mchanjaji amerudi Kibiti, alivyotembea na wachuuzi wa chumvi ili asiwe peke yake njiani, na alivyongoja toka asubuhi mpaka jioni chini ya banda lile lile. Mchanjaji alikula, akalala, akaamka. Yeye alinyonyesha, akangoja. Wakachanjwa wote wawili. Hakunisimulia kwa hasira, na hilo ndilo lililouma.

Leso ilirudi uani, kisha ikakosekana tena, na safari hii Ngalambe alikuja na habari kabla sijaweka mguu kwenye ngazi: Tatu ana homa, mkono umevimba. Nilibaki juu. Yeye alisema ndivyo chanjo inavyoshika, mimi nilisema anajuaje, yeye akasema hajui. Tulikaa tukitazama mwinuko. Homa ilipoisha na mkono ukabaki na kidonda kidogo tu, bila kipele kingine popote, msimu ulikuwa umeanza kugeuka na maji yanarudi mtoni.

Wakati wa mlau, watu wanapopanda mahindi kwenye tope lililoachwa na mafuriko, mimi nilikuwa bado namenyeka. Magamba ya nyayo ndiyo yaliyokuwa ya mwisho, na Ngalambe hakuniruhusu kushuka mpaka alipozikagua kwa kidole, kama mtu anayenunua kwato. Tulichoma mikeka, majani, vitambaa, kifuu, kisha dungu lenyewe. Nilioga mtoni kwa mchanga. Mwanahawa alikuwa ameacha shuka jipya juu ya kisiki, akarudi nyuma mbali, tukatazamana. Nilitafuta usoni mwake kama ananiona mimi au ananiona ndui. Sikujua. Nilikuwa nimejitazama majini. Kulikuwa na mtu pale niliyemtambua kwa masikio yake tu.

Sasa niseme jambo ambalo hakuna aliyenionya, na wewe unayeuguza au unayeugua ulijue mapema. Nilifika ukingo wa uwanja wangu nikashindwa kuingia. Mlango uko wazi, harufu ya nazi inatoka, mtoto wangu anabwabwaja ndani, na miguu haitaki. Nilisema nilale kwanza kwa Ngalambe. Kesho yake nikasema huenda kuna gamba moja limebaki nyuma ya sikio. Siku iliyofuata nikaiona mvua inataka kunyesha. Mwanahawa aliita mara mbili, kisha akaacha kuita, akawa anaweka sahani moja zaidi mkekani na kuiondoa ikiwa imejaa.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa chini ya paa la Ngalambe, nakagua vidole vyangu kwa mara nyingine, nikamwuliza kama haoni kuna wekundu pale kwenye kiganja. Hakutazama kiganja. Alinitwaa mkono, akanisimamisha, akanielekeza mlango wangu, akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Mtani, magamba yamekwisha, dungu tumelichoma, na mwanao ana chanjo ya kweli. Anayekuogopa hapa ni wewe peke yako, na sura hiyo hata kabla ya ndui tulikuwa tunaivumilia tu. Ingia ndani kwako. Mimi nimechoka kukulisha."